Mashine Haikuwa Mbovu: Kisa cha Presha katika Vizazi Vitatu vya Nyumba Moja

Familia ninayoieleza hapa niliihudumia mwenyewe, na kosa moja kati ya yaliyofanyika ni langu. Majina, mahali na tarehe nimeviondoa, na umri wa kila mmoja nimeusogeza kidogo. Nitawaita Babu, Mama, Kaka na Dada. Kisa nimekiandikia wahudumu wenzangu, lakini mtu yeyote mwenye mashine ya kupimia presha nyumbani kwake anaweza kukisoma bila shida.

Usuli

Babu ana miaka 76. Presha yake iligunduliwa alipokuwa na miaka 58, na tangu wakati huo anameza dawa. Kisa kinapoanza alikuwa anameza za aina mbili. Mama ni binti yake, ana miaka 53, na hedhi ilikuwa imekoma miaka mitatu nyuma. Kaka ni mtoto wa kwanza wa Mama, ana miaka 31. Dada ana miaka 27. Wote wanne wanaishi nyumba moja.

Mashine ilinunuliwa kwa ajili ya Babu, baada ya mimi kumwomba apime asubuhi na jioni na kuandika matokeo kwenye daftari. Ni ile ya kufunga mkono wa juu, inayojaza upepo yenyewe. Iliwekwa kwenye meza ndogo kando ya kiti chake na ikaitwa "mashine ya Babu". Jina hilo lilitosha kuwaweka wengine mbali nayo: kwa miezi minane hakuna mtu mwingine aliyeufunga ule mkanda mkononi mwake.

Kila mmoja alikuwa na yake kuhusu presha. Mama aliamini kwamba ana "presha ya kushuka". Akiwa na miaka 20 alizimia kwenye foleni, akapimwa 98/60, akaambiwa hivyo, na maneno hayo akayabeba zaidi ya miaka thelathini kama vile mtu anavyobeba kundi lake la damu. Kaka aliamini presha ni ya wazee na watu wanene, na yeye si mzee wala si mnene. Dada alinijibu tu kwamba hajawahi kuifikiria.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Jioni moja betri za mashine ziliisha. Kaka akaweka mpya, na ili ahakikishe inafanya kazi akajifunga mkanda mwenyewe, akiwa amesimama na akiendelea kuongea. Ikasoma 158/102. Akacheka. Akarudia: 161/100. Akamwita Mama, ikasoma 146/84. Dada akajaribu, 112/70. Mwisho wakampima Babu, 138/62.

Hizi namba ninazo kwa sababu Babu ni mtu wa kumbukumbu. Aliziandika zote kwenye ukurasa mmoja, kila moja na jina la mwenyewe, kwa kalamu ya bluu. Kisha Kaka akachora mstari wa mshazari juu ya ukurasa wote na kuandika kwa herufi kubwa: MBOVU.

Hoja yao ilikuwa hii: kijana wa miaka 31 anayecheza mpira kila wiki hawezi kuwa na 158, na mwenye presha ya kushuka hawezi kuwa na 146, kwa hiyo mashine inapandisha. Ilifungwa kwenye boksi lake, ikaingia kwenye droo.

Wiki nne baadaye Babu alikuja kliniki kwa miadi yake ya kawaida, bila daftari. Alikuwa ametoka kupanda ngazi, na alikuwa amebanwa na mkojo, jambo ambalo alilitaja baadaye sana. Nilimpima mara moja tu: 166/72. Nje foleni ilikuwa ndefu. Nilimuuliza kuhusu namba za nyumbani, akasema mashine imeharibika, nami sikuuliza imeharibikaje. Nikamwongezea dawa ya tatu, ile ya kupunguza maji mwilini, na kwenye kadi nikaandika "kidonge kimoja kwa siku".

Babu humeza dawa zake zote kwa pamoja usiku, kabla ya kulala, kwa kuwa ndivyo hazisahau. Kidonge cha kukojoza kikaingia kwenye mkumbo huo. Siku kumi na mbili baadaye, kwenye saa tisa usiku, aliamka kwenda kukojoa mara ya tatu, akasimama haraka, giza likamjia machoni, akaanguka. Hakuvunjika mfupa. Mkono wa kulia ulivilia damu kuanzia kiwiko hadi kiganja, na kwa wiki mbili alikataa kutembea bila mtu wa kumshika.

Walimleta asubuhi yake, Mama na Kaka. Nilimlaza dakika tano, nikampima: 136/60. Nikamsimamisha. Dakika ya kwanza 112/54, dakika ya tatu 110/54. Kushuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu, ile inayotajwa kwanza, ndani ya dakika tatu za kusimama ndicho kipimo tunachotumia kusema presha inaporomoka mtu anaposimama. Yeye alishuka 26.

Hapo ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuuliza mwanzo.

"Mashine iliharibika vipi?"

"Ilikuwa inasema uongo, daktari," Mama akanijibu. "Huyu hapa ilimpa mia hamsini na nane kwa mia na mbili."

Nikamwangalia huyo aliyetajwa. Alikuwa ameegemea mlango, simu mkononi.

Kesho yake waliileta mashine pamoja na daftari. Nilipokuwa nausoma ule ukurasa wenye mstari nikaona jambo ambalo watu wanne ndani ya nyumba hawakuliona: mashine hiyohiyo, jioni hiyohiyo, ilimpa Dada 112/70. Mashine inayopandisha ingempandisha na yeye.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuipima mashine yenyewe. Nilimkalisha Babu, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, nikapishanisha mashine yao na yetu kwenye mkono uleule, kipimo baada ya kipimo, na dakika moja ya kupumzika katikati. Tofauti haikuzidi 4. Mashine ilikuwa nzima. Mkanda pia ulilingana na mikono yao, na hili halikuwa jambo dogo, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba ya juu kwa kiasi cha kumfanya mtu mzima wa afya aonekane mgonjwa.

La pili lilikuwa la Babu. Niliondoa dawa ya kukojoza, nikaacha zile mbili za zamani, na tukazitenganisha, moja asubuhi na moja usiku. Ningeweza kubakiza zote tatu na kumwambia tu asimame polepole. Sikufanya hivyo, kwa kuwa kipimo kilichonifanya niongeze dawa hakikuwa kipimo cha kuaminika: kibofu kilichojaa, ngazi, kipimo kimoja, hakuna kupumzika. Namba zake za nyumbani kabla ya mashine kutupwa kwenye droo zilikuwa kati ya 132 na 144 juu. Hakuwa na tatizo nililokuwa nalitibu.

La tatu lilikuwa Kaka, na hapa tulibishana kidogo. Nilimpima baada ya kukaa kimya dakika tano, mikono yote miwili: 152/98 kulia, 150/96 kushoto. Akasema ni wasiwasi wa kliniki. Inawezekana, wapo wengi ambao presha yao hupanda wakimwona mtu mwenye koti jeupe. Ndiyo maana sikumwandikia dawa siku hiyo. Nilimpa kazi ya siku saba: mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, na siku ya kwanza tusiihesabu. Wastani ulikuja 149/96. Nyumbani mstari wetu wa kusema mtu ana presha ni 135/85, chini kidogo ya ule wa kliniki wa 140/90, kwa hiyo hoja ya koti jeupe ikafa.

Kwa mtu wa chini ya miaka 40 sikuridhika na kusema "una presha" na kumpa kidonge. Katika umri huo nafasi ya kukuta chanzo kinachoweza kutajwa ni kubwa kuliko kwa wazee: figo, mshipa wa figo uliobana, tezi zilizo juu ya figo zinazotoa homoni ya aldosteroni kupita kiasi, mshipa mkuu uliozaliwa mwembamba, kukatika pumzi usingizini, au dawa anazomeza bila kuzihesabu kuwa dawa. Tukapima mkojo, na kwenye damu kreatinini, inayoonyesha kazi ya figo, na potasiamu. Vyote vilikuwa sawa. Mapigo ya mapajani yalilingana na ya mikononi. Kipimo cha umeme wa moyo kilitia shaka, na ultrasaundi ya moyo ikaonyesha ukuta wa chumba cha kushoto umeanza kunenepa kidogo. Misuli ya moyo hainenepi kwa wiki mbili. Presha hiyo ilikuwa na miaka kadhaa mwilini mwake.

Cha kwenye dawa kilijitokeza kwa kuuliza mara ya tatu. Mara mbili alisema hamezi chochote. Mara ya tatu nikauliza, "Na goti?" Akasema goti analimezea diklofenaki, karibu kila siku, tangu alipoumia mchezoni miezi kumi nyuma. Dawa za maumivu za kundi hilo huzuia figo kutoa chumvi na maji, na presha hupanda. Alisimamisha, tukasubiri wiki nne: 142/92. Zilisaidia kuipandisha, hazikuianzisha. Akaanza kidonge kimoja.

Mama alikuwa 148/82 kliniki, na 141/83 kwa wastani wa nyumbani. Niliposoma kadi zake za zamani, alizozitunza kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto, nilikuta kwamba ujauzito wa Dada uliisha mapema kwa sababu ya presha na protini kwenye mkojo. Aliponiambia alikumbuka, akaongeza: "Lakini waliniambia nikijifungua inaisha." Iliisha kweli, kwa wakati ule. Ambacho hakuambiwa ni kwamba mwanamke aliyepata presha ya namna hiyo akiwa mjamzito ana uwezekano mkubwa zaidi, mara mbili au zaidi, wa kuwa na presha ya kudumu baadaye. Tulikubaliana miezi mitatu ya kupunguza chumvi na kutembea kabla ya kufikiria dawa.

Dada hakuhitaji chochote ila maswali mawili. Anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, homoni inayoweza kupandisha presha, na aliyempa hakumpima presha kabla. Tulimwekea kipimo cha kila mwaka.

Matokeo baada ya miezi sita

Babu yuko 140/64 akiwa amekaa, na akisimama hushuka kwa 10 tu. Hajaanguka tena. Kuna mwenzangu angependa tuishushe zaidi. Mimi nimeona kwa mzee huyu, anayeishi na hofu ya kuanguka, tuishie hapo kwanza.

Mama alifika 138/82 kwa juhudi zake, akakwama. Akaanza dawa, sasa ni 127/77.

Kaka alishuka hadi 126/80 ndani ya wiki nane, akajisikia mzima, akaacha dawa kwa wiki tatu bila kumwambia mtu. Ikarudi 144/94. Ameanza tena. Mama yake sasa ndiye anayemuuliza kila usiku kama amemeza, kazi ambayo naona haitadumu. Kaka pia anakoroma sana, na kipimo cha usingizi bado hajakifanya.

Uchambuzi: umri unafanya nini kwenye zile namba mbili

Tuanze na ukurasa wenyewe, kwa sababu una somo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Kaka: 158/102. Mama: 146/84. Babu, mwenye dawa: 138/62. Ukiacha namba ya juu na kuangalia ya chini peke yake, utaona inashuka kadiri umri unavyopanda. Kwa watu wengi kushuka huko huja baada ya umri wa kati. Namba ya juu hupanda karibu maisha yote. Namba ya chini hupanda mpaka karibu miaka 50 au 60, kisha huanza kurudi chini, kwa sababu mishipa mikubwa imekakamaa: moyo ukisukuma, mshipa hautanuki, namba ya juu inaruka, moyo ukipumzika, mshipa hauna unyumbufu wa kushikilia shinikizo, ya chini inaanguka.

Kwa hiyo presha ya kijana mara nyingi huonekana kwenye namba ya chini, na ya mzee kwenye ya juu peke yake. Mtu aliyezoea kuangalia namba moja tu atakosea upande mmoja wa umri. Tena dawa inayomshusha mzee kutoka 150 hushusha pia ile 62 yake, ambayo haikuwa na pa kwenda.

Ni kweli umri ndio unaobeba mzigo mkubwa. Takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa Marekani wa 2017 na 2018, kwa mstari wa 130/80, zilionyesha presha kwa asilimia 22.4 ya wenye miaka 18 hadi 39, asilimia 54.5 ya wenye 40 hadi 59, na asilimia 74.5 ya wenye 60 na kuendelea. Utafiti wa Framingham, unaofuatilia moyo wa wakazi wa mji mmoja wa Marekani kwa miaka mingi, katika matokeo yaliyochapishwa 2002, ulikadiria kwamba mtu anayefikisha miaka 55 hadi 65 bila presha bado ana uwezekano wa asilimia 90 wa kuipata katika maisha yaliyobaki. Kwa namba hizo, familia haikukosea iliposema presha ni ya Babu.

Ilikosea ilipogeuza "ni nadra zaidi kwa vijana" kuwa "haipo kwa kijana huyu". Mmoja kati ya watano si nadra. Ungeambiwa kwamba kati ya wachezaji wa timu nzima ya mpira wawili wana presha, ungeanza kuwahesabu.

Uchambuzi: wanaume na wanawake

Hapa ndipo wastani hudanganya zaidi. Kwa dunia nzima, makadirio ya 2019 kwa watu wa miaka 30 hadi 79 yalikuwa asilimia 34 kwa wanaume na asilimia 32 kwa wanawake. Msomaji wa haraka ataondoka akisema jinsia haina tofauti. Sasa zigawe namba zilezile za Marekani kwa umri. Miaka 18 hadi 39: wanaume asilimia 31.2, wanawake 13.0. Miaka 40 hadi 59: wanaume 59.4, wanawake 49.9. Miaka 60 na zaidi: 75.2 kwa 73.9. Wanaume huanza mbele sana, wanawake huwafukuza, na uzeeni wanakutana. Wastani wa wote unakuficha mbio hizo.

Kaka na Dada, waliozaliwa tumbo moja na kulala nyumba moja, walisoma 158 na 112. Sitasema jinsia peke yake ndiyo iliyowatenganisha. Diklofenaki na kukoroma vimo. Lakini kama ningeulizwa kabla ya kuwapima ni nani kati yao nimfunge mkanda kwanza, jibu lilikuwa tayari kwenye takwimu, na halikuwa yule ambaye mfumo wetu humpima.

Maana mwanamke hukutana na mashine ya presha. Kliniki ya wajawazito humpima kila hudhurio, na uzazi wa mpango, ukifanywa vizuri, humpima pia. Mwanaume wa miaka 31 hana mlango kama huo. Hufika kituoni akiwa na jeraha au homa, na jeraha hufungwa bila mkono wa pili kuguswa. Makadirio hayohayo ya 2019 yanaonyesha matokeo yake: kati ya wenye presha, waliokuwa hawajagunduliwa walikuwa asilimia 51 ya wanaume na asilimia 41 ya wanawake. Walioidhibiti walikuwa asilimia 18 kwa 23. Hizo za pili zinasikitisha kwa jinsia zote mbili, kwa hiyo wanawake wasishangilie.

Mama ni upande mwingine wa mchoro huo. Presha ya wanawake hupanda kwa mteremko mkali zaidi kadiri miaka inavyokwenda, na kipindi cha kukoma hedhi huangukia palepale panapokuwa pakali. Maumivu yake ya kichwa na joto la ghafla vyote vilibebeshwa hedhi, na yeye mwenyewe hakutaka kusikia habari ya kupanda kwa kuwa alishaandikishwa kwenye kushuka. Namba ya miaka 20 si hati ya maisha. Kama kuna jambo ningeomba tuache kusema kliniki, ni hilo la kumwambia msichana aliyezimia kwa njaa na joto kwamba ana ugonjwa uitwao presha ya kushuka.

Tahadhari moja kuhusu takwimu zenyewe

Msomaji makini atauliza: iweje dunia ina thuluthi moja hivi, na Marekani karibu nusu ya watu wazima? Sehemu ya jibu ni mstari. Makadirio ya dunia yanahesabu kuanzia 140/90. Yale ya Marekani yanahesabu kuanzia 130/80, mstari uliopitishwa huko 2017. Hakuna aliyeugua kwa kusogezwa kwa mstari, lakini mamilioni waliingia kwenye hesabu. Umri unaohesabiwa pia ni tofauti. Kwa hiyo usiziweke namba hizi mbili kando kwa kando na kutoa hukumu.

Na kuna Babu. Kwa 138/62 yake, nyumbani walisema "amepona". Katika hesabu zote anabaki ni mwenye presha, kwa kuwa anatumia dawa. Hilo lina mantiki: ukiziondoa dawa utaona.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Daftari lilifanya kazi kuliko kila kitu, hata lilipokatwa mstari. Bila lile jina la Dada kando ya 112/70 ningeweza kukubali kwamba mashine ni mbovu na kuagiza nyingine. Kupishanisha mashine mbili kulichukua kama dakika kumi na tano. Siku saba za kupima nyumbani zilimaliza ubishi na Kaka kuliko maelezo yangu yoyote, kwa sababu namba alizipata mwenyewe, akiwa kwenye kiti chake, bila koti langu.

Kilichoshindikana kwanza ni mimi. Kipimo kimoja, bila dakika tano za kukaa, bila kuuliza mkojo, bila kumsimamisha mzee wa miaka 76 kabla ya kumwongezea dawa. Nikaandika "kwa siku" mahali pa "asubuhi". Neno moja.

Pili ni mapokezi yetu. Nilipofuatilia jina la Kaka kwenye kumbukumbu nilikuta alikuja mwaka uliotangulia na jeraha la goti lilelile. Sehemu ya presha kwenye fomu yake ilikuwa na kistari. Nikauliza, nikaambiwa ndivyo inavyofanyika: walio chini ya miaka 40 hawapimwi ila wakisema kichwa kinauma. Haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa mazoea ya kupunguza foleni, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya kazi humo miaka bila kuyaona. Angepimwa siku ile, diklofenaki isingeandikwa kirahisi hivyo.

Kistari kimeondolewa. Sasa kila aliyefikisha miaka 18 hukaa, hufungwa mkanda, hupimwa. Wiki ya kwanza foleni ilirefuka na manesi walinung'unika, kwa haki, kwa sababu ilibainika tulikuwa na mkanda mmoja tu mkubwa kwa meza tatu, nao ulikuwa unavuja upepo. Tumeagiza miwili.